Kata Jani, Acha Mkono Wake

Mwaka jana nilibebesha miche 20 ya embe nyuma ya nyumba, Mkuranga. Ikashika 3. Mingine 17 ilisimama na vijiti vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa, na mke wangu kila akipita na ndoo anauliza kama hayo makaburi nayo yamwagiwe maji.

Basi leo nawapa hatua tano za kubebesha embe. Ya kwanza, kisu kikali. Ya pili, mche wa kokwa uliofikia unene wa penseli. Hayo mnayajua, twende.

Kosa langu lilikuwa kwenye majani. Vikonyo, vile vijiti vinavyobebeshwa juu ya mche wa kokwa, nilivinunua kwa jamaa mwenye kitalu kando ya barabara. Aliyanyofoa majani mbele yangu, chapuchapu, kama anayechambua mchicha. Kila jani liliondoka na utepe wa ganda, utomvu ukachuruzika. Nikalipa, tena nikashukuru! Duka la pembejeo nalo likanibambikia kopo la homoni ya mizizi, eti nichovye. Homoni ya mizizi kwenye kijiti kisichotakiwa kuota mizizi! Kopo hilo sasa linazuia mlango wa banda usijifunge.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja, fundi wa kubebesha. Alinipeleka kwenye mwembe wenyewe, akachagua tawi, akakata kila jani kwa mkasi lakini akaacha mkono wake, ule unaoshika jani kwenye tawi. Kikonyo chenyewe hakukikata. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mikono ikianguka yenyewe, rudi."

Sikuvumilia, nikawa narudi kutazama. Siku ya tatu imeng'ang'ania. Siku ya sita imekuwa ya njano. Nikanyoosha vidole kuivuta, mzee akanipiga kofi mkononi kama mtoto aliyefunua sufuria. Siku ya tisa niligusa mmoja kwa ncha ya kidole, ukadondoka. Ulipotoka pakabaki kovu kavu, safi, na juu ya tawi kitumba kimevimba, tayari kuchipua.

Siri ni hii: jani zima hutengeneza homoni iitwayo auksini na kuiteremsha kupitia mkono wake. Auksini ikiendelea kupita, pale mkono unapoungana na tawi hapaijali ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi shimoni. Ukikata jani, auksini inakoma na ethilini inapata mwanya. Vimeng'enya vinalainisha gundi iliyoshikanisha seli kwenye tabaka moja jembamba, na upande wa tawi panajiziba kabla mkono haujaanguka. Jamaa wa kitalu aliacha kidonda. Mti ukiachiwa muda huacha kovu.

Mzee hutumia jambo hilohilo kupima michungwa. Anapopandikiza jicho, yaani kitumba, huliachia kipande cha mkono wa jani. Baada ya wiki mbili au tatu hukigusa. Kikidondoka, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, jicho limekufa, kwa sababu kuachia nako kunahitaji seli zilizo hai.

Hatua ya tatu, basi, ndiyo hiyo: kata jani, acha mkono wake, ngoja uanguke wenyewe. Ya nne, ukishabebesha, kifunike kikonyo kwa nailoni ya barafu ya dukani kwa Mangi; hizo za bei mbaya sijaona zilichonizidishia. Ya tano nimeisahau. Msimu huu imeshika 16, na mke wangu anamwagilia bila kuuliza.