Nikae vipi na familia ya wenyeji Ihanda?

SWALI: Ninasomea kilimo, kwetu ni Tanga. Juni naenda mafunzo kwa vitendo Ihanda, wilayani Mbozi, na nitakaa kwa familia ya wakulima. Je, niwalipe kodi? Nijiandae vipi?

JIBU: Kwanza beba sweta na blanketi zito. Mbozi ni nyanda za juu, na baridi ya Juni na Julai huko mtu wa pwani haijui.

Kuhusu hela, usimwekee baba mwenye nyumba noti mezani kana kwamba uko gesti. Zungumza na mama, ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, mkubaliane mchango wako. Sukari, sabuni na mafuta ya kula havikataliwi.

Utafika msimu wa kuvuna kahawa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wewe usingoje kupewa: chukua kikapu, ingia shambani. Chuma zilizoiva nyekundu tu, maana mbichi zikichanganyika hushusha daraja. Kwa Kiswahili mtaelewana, ila soga za shambani na jikoni ni za Kinyiha. Waombe watoto wakufundishe salamu. Watakucheka, na kwa maoni yangu hakuna mwanzo mzuri kuliko huo.

Kabla ya yote, peleka barua ya chuo kwa mtendaji wa kijiji. Barabara ya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, hupitisha wageni wengi, na likitokea lolote, mwenyeji wako ndiye atakayeulizwa habari zako.