JIFUNZE SHERIA: Bunduki ya Babu na Bastola Bandia

Mzee amefariki. Baada ya mazishi, jamaa wanasafisha nyumba yake na darini wanakuta gobore lililofungwa kwa gunia. Mmoja anataka litundikwe ukutani liwe kumbukumbu. Mwingine amesoma kwenye intaneti kwamba silaha za kale huuzwa bila mnunuzi kuchunguzwa, na tayari ana mteja. Ndugu mwananchi, somo hili ni la familia kama hiyo.

Habari ya intaneti ilitoka wapi?

Ni habari ya Marekani. Sheria ya bunduki ya huko ya mwaka 1968 huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, wala haiiweki pamoja na bunduki za kawaida. Nakala mpya za silaha hizo, kama zile za kushindiliwa baruti mdomoni, nazo zaweza kuingia fungu hilo. Kwa hivyo sheria hiyo haimlazimishi muuzaji kuchunguza rekodi ya mnunuzi, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi. Hapa Kenya haina nguvu.

Sheria yetu inasemaje?

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaeleza bunduki kuwa silaha ya mtutu inayoweza kuua, ambayo inafyatua risasi au kitu kingine, au inaweza kurekebishwa ili ifyatue. Maelezo hayo hutazama uwezo wa chombo. Gobore lenye kutu ambalo fundi anaweza kulitengeneza likalia tena, usijiamulie mwenyewe kwamba ni pambo.

Kununua bunduki au kuwa nayo kunahitaji cheti, na cheti cha marehemu hakimlindi mrithi. Mwombaji huchunguzwa: Ana sababu nzuri ya kutaka silaha? Akiwa nayo, umma utabaki salama? Ana akili timamu? Ni mlevi? Desemba 2018, hata waliokuwa na leseni waliagizwa kufika mbele ya Bodi ya Leseni za Bunduki wachunguzwe upya.

Kumbuka kwamba polisi na leseni za bunduki ziko chini ya serikali ya kitaifa. Anayekuahidi kukupatia leseni hiyo katika ofisi za kaunti anakudanganya.

Kama ni kitu cha zamani sana

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mali ya kale. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mteja wa ng'ambo anaweza kukuingiza katika kosa la pili.

Na bastola bandia?

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Bunduki kinasema silaha bandia ni kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiwe kinafyatua au hakifyatui. Anayekitumia kwa nia ya kutenda uhalifu hushtakiwa, hata kama ni cha mbao. Anayeelekezewa hawezi kujua tofauti, na afisa wa polisi gizani pia hawezi. Mzazi, usimwache kijana wako atembee na mfano wa bastola kiunoni. Mzaha huo unaweza kumgharimu maisha.

Ukikuta bunduki nyumbani

1. Usiiguse wala kujaribu kuifyatua. Huenda bado ina baruti au risasi ndani.
2. Waondoe watoto, kisha funga chumba.
3. Mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 au 112. Omba maafisa waje kuichukua. Usiibebe kwenye matatu wala bodaboda.
4. Eleza mahali na siku ulipoikuta, kisha uombe nambari ya OB na uihifadhi.
5. Kama familia ingependa kuihifadhi, iulizeni polisi kwanza.

Jipime

Je, leseni ya baba inamruhusu mwanawe kubaki na bunduki? Je, bastola ya plastiki inaweza kumfikisha mtu mahakamani? Jadilianeni majibu nyumbani leo, kabla mtu hajapanda darini.