Kabati la mninga limebabuka vanishi

SWALI: Nimerithi kabati la mninga, vanishi yake imebabuka. Nipige msasa moja kwa moja? (Msomaji, Manyoni, Singida)

JIBU: Msasa usubiri. Ng'oa kwanza bawaba na vitasa, kisha futa kabati kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya sabuni. Uchafu wa mafuta ukibaki, msasa utausugulia ndani ya mbao. Viungo vilivyolegea vitie gundi na ufute inayochuruzika, maana penye gundi vanishi mpya haikolei.

Likikauka, anza na msasa namba 80 palipo na vanishi nene tu, uende 120, umalizie 180. Fuata nyuzi za mbao. Ukikata mkingamo, mikwaruzo itajitokeza ukishapaka. Vumbi la mninga huwasha pua na ngozi, hivyo vaa barakoa. Kama chini kuna rangi ya zamani, huenda ina madini ya risasi: usiisugue kavu.

Kiangazi upepo wa Singida hurusha vumbi mno. Sugulia nje, lakini vanishi pakia ndani. Kabla ya kupaka, pangusa kwa tina, mbali na moto. Mikwaruzo iliyobaki utaiona papo hapo.