Kutoka Nyacheki hadi Afrika Mashariki: Soka ya Shule za Sekondari Inavyoendeshwa

Muhula wa pili ndio muhula wa soka katika shule za sekondari nchini Kenya. Katika wadi ya Nyacheki, eneo bunge la Bobasi, kama kwingineko katika Kaunti ya Kisii, wazazi huiona michezo hiyo ikianza na kumalizika bila kuelewa vyema kwa nini shule moja imesonga mbele na nyingine imebaki. Makala haya yanaeleza ngazi za mashindano, nani anasimamia nini, na kwa nini hatima ya timu nyingi huamuliwa katika ngazi ya chini kabisa, kabla wachezaji hawajapanda basi kuelekea Kisii mjini.

NGAZI SITA ZA MASHINDANO

Michezo ya shule za sekondari huendeshwa na Chama cha Michezo cha Shule za Sekondari nchini (KSSSA), chini ya Wizara ya Elimu. Muhula wa kwanza huwa na michezo kama mpira wa kikapu, magongo na mpira wa mikono. Soka ya wavulana na wasichana huchezwa muhula wa pili, pamoja na voliboli na netiboli.

Ngazi ni hizi:

1. Zoni, ambapo shule jirani hukutana.
2. Kaunti ndogo.
3. Kaunti, ambapo bingwa wa Kisii hupatikana.
4. Kanda ya Nyanza, inayojumuisha kaunti za Kisii, Nyamira, Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya.
5. Taifa, ambapo kanda nane hukutana: Nyanza, Magharibi, Bonde la Ufa, Kati, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Pwani na Nairobi.
6. Afrika Mashariki, mashindano ya shirikisho la FEASSSA. Mwaka 2023 yaliandaliwa Huye, Rwanda, na mwaka 2025 yakaja Kakamega.

Ngazi za ndani ya nchi hubanwa ndani ya muhula mmoja. Kwa hivyo timu inayoshindwa katika zoni mwanzoni mwa muhula haina nafasi nyingine hadi mwaka unaofuata. Kwa mwanafunzi aliye katika mwaka wake wa mwisho shuleni, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Katika miji mingine duniani utaratibu ni tofauti. Jijini New York, ligi ya michezo ya shule za umma ilianzishwa mwaka 1903. Huko timu hucheza ligi kwa wiki kadhaa kwanza, kisha zilizofanya vizuri huingia katika mchujo wa kutafuta bingwa. Timu ikianza vibaya, bado ina mechi za kujirekebisha. Kwetu, mechi moja mbaya inaweza kufunga mwaka mzima.

HESABU YA MTOANO

Chukua mfano wa shule 16. Zikicheza kwa mtoano, bingwa hupatikana baada ya mechi 15 tu. Gharama ni ndogo na mashindano humalizika haraka. Lakini shule 8, yaani nusu, hurudi nyumbani baada ya mechi moja.

Shule hizo hizo 16 zikigawanywa katika makundi manne ya shule nne, kila shule hupata angalau mechi tatu. Mechi za makundi zitakuwa 24. Washindi wa makundi wakicheza nusu fainali mbili na fainali moja, jumla ni mechi 27. Gharama ya waamuzi, chakula na usafiri itapanda, lakini kila mchezaji atakuwa ameonekana zaidi ya mara moja.

Katika ngazi ya taifa, timu nane hugawanywa katika makundi mawili. Kila timu hucheza mechi tatu kabla ya nusu fainali. Tofauti ni kwamba wanaofika huko ni wachache mno. Ndiyo maana shule zinazotaka kuwapa wanafunzi mechi nyingi hualikana kwa mechi za kirafiki katika muhula wa kwanza, badala ya kungoja zoni.

STAKABADHI ZINAVYOWEZA KUIANGUSHA TIMU

Mchezaji lazima awe mwanafunzi halisi wa shule anayoichezea, na awe ndani ya umri uliowekwa na chama. Uthibitisho ni cheti cha kuzaliwa pamoja na rekodi zake za usajili shuleni. Timu ikipatikana imemchezesha asiyestahili, anayeadhibiwa si yeye peke yake. Timu nzima inaweza kupoteza ushindi ilioupata uwanjani, na wenzake wasio na hatia wakabaki nyumbani.

Mzazi ana wajibu hapa. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa lilingane na lile la rekodi za shule. Cheti kikikosekana au kikiwa na kosa, kuomba marekebisho wiki ya mashindano ni kuchelewa. Huduma hiyo hutolewa na idara ya usajili wa vizazi na vifo, na maombi hufanywa kupitia eCitizen. Wakati mzuri wa kulishughulikia jambo hili ni likizo ya Aprili au mapema zaidi. Cheti hicho hicho kitahitajika pia wakati wa mitihani ya kitaifa na wa kuomba kitambulisho.

NANI ANAWAJIBIKA KWA NINI

Katika mikutano ya hadhara, serikali ya kaunti huulizwa mara kwa mara kuhusu viwanja vya shule. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, imegawa majukumu hivi:

- Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na za sekondari, pamoja na ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo.
- Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na shughuli na vifaa vya michezo katika kaunti.

Kwa hivyo, uwanja ulio ndani ya shule ya sekondari uko chini ya Bodi ya Usimamizi ya shule. Fedha za michezo shuleni hutokana na mgao wa serikali ya kitaifa kwa kila mwanafunzi, ambao sehemu yake hutengewa shughuli hizo. Viwanja vya umma ni suala la kaunti, na mwananchi anaweza kuvitetea katika vikao vya ushirikishaji wa umma wakati wa kuandaa bajeti.

Katika nyanda za Gusii jambo hili lina uzito wake. Ardhi ni ya miinuko na mashamba ni madogo, hivyo uwanja tambarare ni mali adimu. Aidha, muhula wa pili huanza wakati mvua ya masika haijaisha. Uwanja usio na mtaro wa kupitisha maji hugeuka tope, na wachezaji huteleza na kuumia. Mtaro unaochimbwa Februari, kabla mvua kushika, utaisaidia timu kuliko jezi mpya.

SOKA NA MASOMO

Wapo wazazi wanaohofia kwamba mpira utamharibia mtoto masomo. Hofu hiyo ina msingi iwapo mazoezi hayana ratiba. Lakini Michael Olunga, mshambuliaji wa timu ya taifa, Harambee Stars, alisoma Upper Hill jijini Nairobi, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza. Katika mtaala mpya, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu.

Karibu na nyumbani, Shabana FC ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17. Klabu hiyo hutumia Uwanja wa Gusii mjini Kisii, na kijana wa Nyacheki anaweza kuona soka ya kiwango cha juu ikichezwa ndani ya kaunti yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MIKUTANO YA WAZAZI

1. Je, kila mchezaji wa shule yetu ana cheti cha kuzaliwa kinacholingana na rekodi za shule?
2. Timu zetu za wavulana na wasichana zimecheza mechi ngapi za kirafiki kabla ya zoni?
3. Maji ya mvua hupita wapi katika uwanja wetu, na nani atachimba mtaro?
4. Mgao wa michezo umetumikaje mwaka huu, na wazazi wameelezwa?
5. Ratiba ya mazoezi imeachia masomo ya jioni muda gani?