Utafiti wa Asembo Usomwe Asembo

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa ufuo wa Ziwa Victoria, kati ya Asembo Bay na Kisumu. Nayajibu kama mkutubi.

*Miaka ya tisini watafiti wa malaria walipita hapa nyumba kwa nyumba, wakagawa vyandarua, wakawatoa watoto damu. Majibu yalikwenda wapi?* (Mama, Asembo Bay)

Yalichapishwa, mama, na nchi nyingi zimeyategemea. Kuanzia 1992, watoto wachanga wa kwenu walifuatiliwa katika mradi uliobeba jina la mahali penu, Asembo Bay Cohort Project. Kisha likaja jaribio la vyandarua la KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC ya Marekani katika vijiji vya Asembo na Gem: vingine vilipewa vyandarua vyenye dawa mapema, vingine vikangoja zamu. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 16. Ikagunduliwa pia kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilinufaika, mradi tu ziwe ndani ya mita 300 hivi kutoka vijiji vyenye vyandarua, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wamepungua. Ripoti za jaribio hilo zilitoka kwa pamoja mwaka 2003, katika toleo maalum la American Journal of Tropical Medicine and Hygiene.

Walimu wa tiba wanazijua makala hizo. Wazazi waliokubali watoto wao wachomwe kidole, wengi hawajawahi kuziona. Hilo linaniuma, kwa sababu kuzileta karibu ni kazi ya sisi wakutubi.

*Hazina ya kidijitali ya chuo ina nini ambacho Google haina?* (Mwanafunzi wa uzamili, Bondo)

Google inakuonyesha njia, lakini haitunzi chochote. Hazina ndiyo inayotunza: tasnifu, makala za wahadhiri, ripoti za miradi, kila moja ikiwa na anwani ya kudumu isiyobadilika hata tovuti ya chuo ikifumuliwa. Maseno wanayo, na hapo kwenu Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga wanayo. Zamani tasnifu ilikaa rafuni kwa nakala moja yenye jalada gumu, na aliyeitaka alipanda matatu kwenda kuisoma palepale. Sasa muuguzi wa zahanati ya Rarieda anaweza kuifungua kwa simu.

Vyuo vingi hutumia DSpace, programu iliyotolewa 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Haina ada ya leseni, na hapo ndipo wakuu wengi hujidanganya kwamba hazina ni ya bure. Seva inataka umeme, nakala ya akiba katika jengo jingine, na mtu wa kuishughulikia kila siku. Chuo kisichomwajiri mtu huyo kitaamka siku moja kikute kazi za miaka kumi hazifunguki.

*Makala yangu imekubaliwa na jarida la nje, lakini kuifanya iwe huria wanataka dola ambazo sina. Nifanyeje?* (Mhadhiri, Kisumu)

Usilipe kabla hujasoma mkataba wako. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka katika hazina ya chuo chake ule mswada wa mwisho uliokwisha kuhakikiwa, kabla ya kupangwa kurasa na kutiwa nembo ya mchapishaji. Mengine hukutaka usubiri miezi sita, kumi na miwili au zaidi. Njia hii ilitajwa waziwazi katika Tamko la Budapest la 2002 kuhusu uchapishaji huria, na haikugharimu chochote zaidi ya kuukumbuka mswada wako ulipo. Tatizo ni kwamba wengi huufuta, wakabaki na PDF ya mchapishaji, ambayo mara nyingi hairuhusiwi. Mletee mkutubi mswada siku ileile unapopata barua ya kukubaliwa. Yeye ataangalia masharti ya jarida.

*Tukihojiwa, je, mambo yetu yatasomwa na kila mtu?* (Mzee wa kijiji)

Hofu yako ni ya haki, mzee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mhojiwa, na mtafiti makini huondoa majina. Lakini kijijini jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Ukiandika “mjane mwenye duka karibu na gati, mtoto wake wa pili ana ugonjwa fulani,” kila mtu ufuoni ameshamjua. Viambatisho vya tasnifu ndivyo hatari zaidi: picha, fomu zenye sahihi, nambari za simu. Mkutubi asipandishe faili hadi avipitie, na ikibidi alirudishe kwa mwandishi.

*Natafuta utafiti kuhusu omena wetu, sioni kitu.* (Katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo)

Upo mwingi, ndugu, ila umeandikwa kwa majina mengine. Kwa omena tafuta Rastrineobola argentea. Kwa mbuta, Lates niloticus. Kwa gugumaji, Eichhornia crassipes. Kwa ghuba yenu, jaribu Winam Gulf, Nyanza Gulf, na kwa maandishi ya kikoloni Kavirondo Gulf. Ukitafuta kwa “Asembo” tu utakosa mengi, maana watafiti hupenda kuandika “western Kenya” wakamaliza.

Ningependa kila tasnifu iliyofanyiwa utafiti huku iingie hazinani na ukurasa mmoja wa Dholuo na mwingine wa Kiswahili, wenye majina ya samaki na fuo kama mnavyoyataja. Mwandishi aliyekaa nanyi miezi kadhaa hashindwi na kurasa mbili.

*Bando zinaisha kabla faili halijafunguka.* (Mwanafunzi, Kisumu)

Soma ikisiri kwanza. Huwa nyepesi na huhitaji kupakua kitu. Ukiona inakufaa, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba. Faili likiwa limefungwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ukimwomba nakala. Wengi hujibu, na hufurahi kuombwa.