Kabla ya kuongeza kilo, tazama umbali

Kupiga tizi Bigwa, Morogoro, hakuhitaji jimu ya kulipia. Bomba la chuma lenye makopo ya zege huku na huku, dumu la maji na Milima ya Uluguru vinatosha. Ongeza na lile somo la mashine rahisi la shule ya msingi: egemeo, jitihada na mzigo. Litaokoa kiuno chako.

1. Pima makopo yako. Kopo la rangi la lita 4 likijaa zege hukaribia kilo 10, maana lita moja ya zege ni takriban kilo 2.4. Lakini ni nadra makopo mawili kulingana: hili lina kokoto nyingi, lile mchanga mwingi, au halikujaa vizuri. Chukua bomba la mita 1.2 lenye kilo 10 upande mmoja na kilo 8 upande wa pili. Tukiuacha uzito wa bomba lenyewe, mahali linapotulia pamesogea karibu sentimita 7 kutoka katikati. Ukilishika kwa kukadiria katikati, mkono mmoja unaelemewa na mgongo unapinda taratibu. Lilaze juu ya kipande cha gogo, lisogeze mpaka litulie, upige alama ya rangi, kisha mikono yako iwe sawa kwa sawa kutoka kwenye alama hiyo. Dawa ya kudumu ni kumimina zege upya.

2. Mzigo uwe karibu na mwili. Dumu la lita 20 lina uzito wa nyutoni 196 hivi, uwe umelikumbatia au umenyoosha mikono. Kinachobadilika ni umbali wake kutoka kwenye uti wa mgongo. Likiwa mbali sentimita 40, misuli ya kiuno inalipambania mara mbili ya likiwa sentimita 20. Unapoinua chuma kutoka chini, kipande karibu na miundi, kisha mapaja.

3. Heshimu kilo chache. Msuli wa mbele ya mkono umejishikiza sentimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kiwiko, ilhali kiganja kiko mbali kama sentimita 35. Shika kilo 10 huku kiwiko kikiwa pembe mraba, na msuli huo utavuta kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 70 au zaidi. Ni wenzo wa daraja la tatu huo: kasi nyingi, nafuu kidogo. Anayerusha kiuno ili chuma kipande ameutoroka msuli alioukusudia.

4. Mlima ni chuma tosha. Mtu wa kilo 60 akipanda mita 100 kwenda juu, amefanya kazi ya jouli 58,800. Kazi hiyo ni sawa na kusukuma chuma cha kilo 40 kwa nusu mita, mara 300. Na Lupanga, kilele kinachoutazama mji wa Morogoro, kina mita 2,138! Huna haja ya kukifikia. Saa moja ya kupanda vijia vya mashambani juu ya Bigwa itakupa mapaja.

5. Jifunze kwa mama anayeshuka na ndizi. Shingo imenyooka, ngata imekaa sawa, uzito unashuka wima kupitia uti wa mgongo. Mwaka 1986, Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikuyu: walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada kutembea. Hao walizoea kubeba tangu utotoni, kwa hiyo usijitwishe zege kichwani. Chukua ule mkao tu: unapochuchumaa na chuma mabegani, kibaki juu ya nyayo zako, kisitangulie mbele ya vidole.

6. Dumu lijae. Likiwa nusu, maji yanakimbia huku na huko na uzito unahama nayo.

7. Shusha polepole. Msuli unaorefuka huku umebeba mzigo ndio unaouma zaidi kesho yake na keshokutwa. Kuteremka mlima ni kazi ya aina hiyo kwa mapaja, kila hatua. Ukishuka kutoka juu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu piga mikono na kifua. Kuchuchumaa na chuma kusubiri Jumanne.