Shamba la Nabothi na Kifo cha Mfalme Ahabu

Somo: 1 Wafalme 21 na 22, 2 Wafalme 9:21-26



Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, jirani na jumba lake huko Yezreeli, alifanye bustani ya mboga. Aliahidi fedha, au shamba jingine bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Hapa Kigoma, aliyeachiwa michikichi na babu yake anamwelewa vizuri.

Tuangalie jinsi alivyonyang'anywa. Malkia Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wakatangaza mfungo, wakaita kikao, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, idadi ileile iliyotakiwa na torati. Nabothi akapigwa mawe. Taratibu zilifuatwa, haki haikuwepo.

Mungu alimtuma Eliya kutamka hukumu. Ahabu aliponyenyekea, maangamizi ya nyumba yake yaliahirishwa hadi siku za mwanawe. Lakini Maandiko hayasemi popote kwamba alilirudisha shamba. Vitani Ramoth-Gileadi alijigeuza asitambulike. Mshale uliopigwa kwa kubahatisha ukampata penye maungio ya mavazi yake ya vita, akafa jioni. Baadaye maiti ya mwanawe Yoramu ilitupwa katika shamba lilelile.

Somo hili linatuhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Basi, kabla ya kupokea kiwanja cha zahanati au kisima, tuulize: nani alikuwa akilima hapa, na je, yeye mwenyewe amekubali? Wafadhili nanyi mtusaidie kwa kuuliza hivyo hivyo kabla ya kutoa fedha. Mradi mzuri hauhalalishi shamba la mjane.

Maswali ya kujadili:

1. Wazee wa Yezreeli wangeweza kufanya nini barua ilipowafikia?

2. Je, katika kigango chetu kuna ardhi ambayo mwenyewe bado analalamika? Tutairekebishaje?

Mungu atujalie kuwa mashahidi wa kweli.